Figo la Sufu

Mtaani walimwita Bi Fumua, na jina hilo alilipata kihalali kabisa. Alikuwa mfumaji wa vitambaa. Alifuma vya makochi, vya meza, mashuka ya maharusi, kofia za watoto wachanga, na zamani, watu walipokuwa bado wanaona fahari kufunika redio, alifuma hata vya redio. Kazi yake ilikuwa safi, ukigeuza kitambaa huwezi kujua upande upi ni wa mbele. Lakini ole wako umpe kazi ya haraka. Akigundua kwamba kitanzi kimoja kimerukwa huko chini, mahali ambapo hata mama mkwe mwenye gubu asingetia jicho, alichomoa sindano yake ya kulabu, akauvuta uzi, na kazi ya wiki nzima ikarudi kuwa bonge mapajani. Kuna bibi harusi aliyeolewa, akapata mimba, akazaa, ndipo shuka la harusi likamfikia. Watu walicheka. Bi Fumua naye alicheka nao, maana alijua hawana pengine pa kwenda.

Tabia hiyo usiichukulie kama kichekesho tu. Ilikuja kumpa mahali pa kujificha, na heri asingepapata.

Aliishi peke yake katika vyumba viwili nyuma ya duka la fundi viatu, harufu ya gundi ikimwamsha kila asubuhi. Dirisha lake lilitazama ua wa pamoja wenye kamba za nguo. Hakuolewa. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa msichana anayesoma, na nyuma yake kulikuwa na mdogo wake wa kiume, mtoto bado, ambaye hakuwa na mtu mwingine duniani. Akaacha shule, akashika sindano. Baadaye alitokea mwanamume wa kumposa, mtu mzima na akili zake, akaambiwa asubiri kijana amalize masomo. Akasubiri, akachoka, akaoa kwingine. Hakuna aliyemwomba Bi Fumua kufanya hayo yote. Aliyafanya tu, kama mtu anavyookota kitu kilichoanguka njiani kwake.

Mdogo wake alikua, akawa mchora mabango. Maandishi ya nusu ya maduka ya eneo lile yalitoka mkononi mwake, bila rula, huku akipiga soga na mwenye duka. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mkono mtulivu. Alioa mpishi wa shule ya msingi, mwanamke mwembamba asiyejua kuzungukazunguka katika mazungumzo, wakapata watoto wawili. Bi Fumua na wifi yake walipatana tangu siku ya kwanza. Mawifi wengine wa mtaani waliwaangalia kwa mashaka, wakisubiri ugomvi ambao haukufika.

Kisha miguu ya mchora mabango ikaanza kuvimba. Alisingizia kusimama sana juu ya ngazi. Uso ulipovimba akasingizia rangi. Alipoanza kutapika asubuhi, mkewe hakusikiliza tena visingizio, akamburura hadi hospitali, na huko wakaambiwa mafigo yote mawili yamekwisha kazi. Kuanzia hapo maisha yake yakawa ya mashine ya kusafisha damu. Siku moja kwenye mashine, siku inayofuata kitandani akijiuliza nguvu zimekwenda wapi, kisha mashine tena. Herufi zake zikaanza kupinda. Mwenye saluni mmoja alimlipa kazi yake vizuri, akasubiri aondoke, akampa mtu mwingine aichore upya. Mgonjwa akapita pale siku nyingine, akaliona bango jipya, akaendelea na njia yake.

Daktari alisema mashine ni ya kusogeza siku. Kinachotakiwa ni figo la mtu, na mtu mwenyewe ni vizuri awe ndugu. Mke ndiye aliyekunja mkono wa gauni kwanza, akatolewa damu, ikaonekana hailingani. Kwa upande wa ndugu hakukuwa na foleni. Alikuwepo Bi Fumua tu. Damu yake ikalingana, vipimo vyote vikakubali, na daktari akawaita watatu wale ofisini, akamweleza Bi Fumua kwa utaratibu kwamba ana haki ya kufikiri, ana haki ya kukubali na ana haki ya kukataa. Hakumaliza kueleza.

"Nitampa," Bi Fumua alisema.

Wifi yake alishuka kwenye kiti, akamkumbatia magoti. Mdogo wake alitazama dirishani. Walitoka pale wakiwa wepesi, wakiongea wote kwa pamoja, na hata Bi Fumua mwenyewe alijisikia mtu mkubwa. Furaha hiyo ilimfikisha hadi nyumbani. Jioni, akiosha vyombo, akajishika ubavuni, juu kidogo ya kiuno, akaminya. Akafikiria kisu kikipita hapo. Sahani ikamponyoka ndani ya beseni. Aliogopa. Hakuwahi kulazwa hata siku moja, hakuwahi kuzaa, mwili wake ulikuwa haujawahi kufunguliwa na mtu yeyote kwa sababu yoyote, na sasa ameahidi mbele ya watu kwamba utafunguliwa.

Wiki ileile, muuguzi wa kile chumba cha mashine, ambaye wagonjwa wote walimwita Sista, alimfuata kwenye benchi la nje akiwa na ombi. Walikuwa na figo la plastiki la kufundishia ndugu wa wagonjwa, likaangushwa, mishipa ikavunjika. Ndugu wakiambiwa habari ya kutoa figo, alisema, wengi hudhani ni kitu cha ukubwa wa kichwa, wengine huzimia kabla ya kuulizwa. Alitaka figo laini, la sufu, ambalo mtu anaweza kulishika na kuona lilivyo dogo. Alikuwa amesikia kwamba Bi Fumua hakuna kisichofumika mkononi mwake. Akamwonyesha picha ukutani, akamwachia muda.

Hapo ndipo Bi Fumua alipopata upenyo. Alimwambia wifi yake kwamba asingependa kuiacha kazi ya Sista njiani, kwa kuwa akishapasuliwa atalala muda mrefu bila kushika sindano. Amalize kwanza hiyo, kisha aende kwa daktari. Nani angebishana na mwanamke anayetoa figo lake? Wifi alisema sawa, ni kazi ndogo tu.

Na kweli ilikuwa kazi ndogo. Alinunua sufu ya rangi ya maini mabichi, na vipande vya nyekundu, bluu na njano. Alianzia chini, kitanzi cha kwanza kikawa duara, duara likapanuka mzunguko kwa mzunguko. Figo limepinda, kwa hiyo ilimbidi aongeze vitanzi upande wa mgongo na kupunguza upande wa tumbo, ili lijikunje lenyewe bila kulazimishwa. Hapo penye mkunjo ndipo angeshonea mirija mitatu: mwekundu wa damu inayoingia, wa bluu wa damu inayotoka, na wa njano wa mkojo. Mwisho angejaza pamba na kufunga juu. Mtu wa kawaida angetumia siku tatu. Yeye, kwa mkono wake, angeweza kutumia mbili.

Mara ya kwanza alifika karibu na kufunga, akaona kitanzi kilichofumwa mara mbili pale kwenye mkunjo. Akafumua. Kosa lilikuwepo kweli. Mara ya pili aliona kwamba mkunjo umekaa juu mno, na hilo nalo, ukitaka kuwa mkali, lilikuwa kosa. Mara ya tatu aliligeuza figo huku na huku penye mwanga wa dirisha, akatafuta, akatafuta, hakuona kitu. Lilikuwa limekamilika. Lilibaki kujazwa tu. Alikaa nalo mkononi mpaka chai ikapoa, kisha akaukamata uzi ncha, akauvuta.

Baada ya hapo hakujisumbua tena kutafuta makosa. Alifuma mbele ya watu, akafumua akiwa peke yake. Wifi alipouliza, akajibiwa bado kidogo. Sista alipouliza, bado kidogo. Wateja wake walipouliza ni nini hicho kinachofumwa siku zote hakiishi, wenzao waliwajibu kwa niaba yake kwamba huyu si ndiye Bi Fumua, mlitegemea nini? Kicheko kikapita. Danadana ambayo ingemletea mtu mwingine maswali mazito, yeye aliipiga mchana kweupe, na jina lake likamlinda. Hata watoto wa mdogo wake waliambiwa na mama yao kwamba shangazi anachelewa kwa kuwa anataka liwe zuri.

Alijaribu kujikasirikia, hasira ikamgeukia mdogo wake. Shule nimempa, alijisemea. Ujana nimempa, nyumba na mume nimempa. Kumbe havikutosha, sasa ni nyama yenyewe. Kisha aibu ikamshika, maana mdogo wake hakuwa ameomba hata kimojawapo, si zamani wala sasa. Aliyeomba alikuwa daktari, na aliuliza kwa adabu. Hilo ndilo lililomtesa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa ameulizwa, na alipotazama ndani yake kutafuta jibu, alikuta kuna hapana nzito, ya miaka mingi, imekaa. Alimpenda mdogo wake kuliko mtu yeyote aliye hai. Mapenzi hayo hayakuisogeza ile hapana hata kidogo.

Siku za mashine alikwenda kukaa naye ili wifi awahi jikoni shuleni. Chumba kilikuwa na viti virefu vya kuegemea, kila kiti na mtu wake aliyefungwa mirija, na mlio mmoja mfululizo ambao baada ya muda hausikiki. Mchana mmoja, Sista akiwa upande wa pili, mgonjwa alinyoosha mkono wake usio na mirija, akaomba aione kazi. Bi Fumua hakuwa na sababu ya kumnyima. Mdogo wake aliilaza kifuani, akaisugua kwa dole gumba. Huyu ni mtu aliyelelewa katika uzi. Utoto wake wote alikuwa akikaa mbele ya dada yake na mikono ameinyoosha, uzi umezungushwa humo, dada akiukunja kuwa mabonge. Aliujua uzi mpya na aliujua uzi uliofumuliwa, wenye mikunjo isiyonyooka na manyoya yaliyosimama.

"Dada, uzi huu umechoka," alisema.

Bi Fumua alisema siku hizi madukani wanauza takataka.

"Uzi sio mbaya. Umefumuliwa mara nyingi mno." Aliendelea kusugua, hakumtazama usoni. "Unaogopa?"

Bi Fumua angeweza kusema uongo, na mdogo wake angekubali kudanganywa. Lakini swali lilikuwa laini mno, na alikuwa amechoka kubeba jambo hilo peke yake.

"Sana," alisema. "Usiku silali. Nikifumba macho naona kisu."

Mgonjwa akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ambayo tayari alikuwa anaikisia. Akamrudishia kazi yake.

"Basi usiseme hapana," alisema. "Hiyo niachie mimi."

Bi Fumua alijitia hamnazo, akajifanya hakuelewa. Alielewa vizuri sana. Alishusha pumzi, na kule kushusha pumzi, jinsi kulivyokuwa kutamu, hakuweza kujisamehe baadaye.

Siku ya kumwona daktari, mbele ya mkewe na dada yake, mchora mabango alitangaza kwamba amefikiri na hataki figo la mtu. Daktari akamweleza, akamweleza tena. Yeye akaleta utani, akasema dada yake ni mkaidi, figo lake litakuwa kaidi vilevile, litakataa kufanya kazi bila kufumuliwa kwanza. Hakuna aliyecheka. Alipobanwa zaidi akakaza uso, akasema kila mtu aende na alichopewa, na asilazimishwe. Mkewe hakulia wala hakupandisha sauti. Alimtazama mumewe kama mtu anayemwona akifunga mlango kwa ndani.

Kule nje alimshika Bi Fumua mikono yote miwili. Alimwambia kwamba mumewe hamsikilizi mtu ila yeye, dada aliyemlea, azungumze naye, amlilie, hata ampige makofi ikibidi. Bi Fumua alikuwa na nafasi ya kusema kweli pale pale, kwenye benchi la nje, watu wawili tu.

"Nimejaribu, wifi," alisema. "Kichwa chake unakijua."

Usidhani alilala usingizi baada ya hapo. Zilikuwepo asubuhi alizoamka amepiga moyo konde, akaoga, akavaa gauni lake zuri ili akamwambie daktari kwamba amekubali, na mdogo wake asisikilizwe. Mara moja alifika mpaka getini. Akasimama pale, akaona mchuuzi, akanunua machungwa, akaingia kumwona mgonjwa kama mgeni mwingine yeyote. Mdogo wake aliyapokea, akacheka kwa shida, akamkumbusha kwamba machungwa kwa mtu wa figo ni sumu. Wakampa mgonjwa wa kiti cha jirani aliyekuwa na wageni wa kuyala. Wakazungumza habari za hali ya hewa.

Mashine ikasogeza siku mpaka siku zenyewe zikachoka kusogezwa. Moyo wake ulisimama nyumbani, Jumapili mchana, sahani ya chakula mbele yake haijaguswa.

Kwenye mazishi watu walimfuata Bi Fumua mmoja mmoja. Walimwambia asijilaumu, yeye alikuwa tayari kutoa kiungo chake, ni ndugu wangapi siku hizi wangefanya hivyo? Mkaidi ni marehemu, Mungu amrehemu. Bi Fumua aliyapokea maneno yale kwa kichwa kilichoinama, na watu wakasema tazama, hata sifa hataki. Mjane hakutoa chozi. Alisimama kando ya kaburi, macho makavu, watoto wake amewashika mikono, na udongo ulipoanza kurudishwa akageuka, akaondoka nao. Watu walimsema sana kwa hilo. Tangu siku hiyo hakurudi makaburini, na watoto walipomuuliza habari za baba yao aliwajibu kwamba baba yenu aliona kuishi ni kazi.

Wiki iliyofuata Bi Fumua aliketi dirishani, akalifuma figo lote mchana mmoja. Kulikuwa na vitanzi viwili vilivyorukwa. Aliviona, akaviacha. Akajaza pamba, akashonea mirija mitatu, akafunga, akampelekea Sista. Sista alilishika, machozi yakamlengalenga, akaapa kwamba atalitunza. Kuanzia hapo kila alipowaweka chini ndugu wa mgonjwa mpya, aliwapitishia lile figo mkono kwa mkono, akawasimulia: aliyelifuma alikubali kutoa figo lake bila kusita, lakini mgonjwa mwenyewe akakataa, akafa, akaacha watoto. Msiwe kama yule mgonjwa, aliwaambia. Alidhani anafanya wema, na pengine alifanya.

Siku moja wifi alimpeleka mwanawe mdogo hospitali kwa kikohozi. Njia ya kwenda dirisha la dawa inapita mbele ya kile chumba, na mlango ulikuwa wazi. Alimwona Sista ameshika figo la sufu, akasikia kisa chote, mwanawe pembeni yake naye akisikia. Alimrudisha mtoto nyumbani. Kisha akaenda chumbani kwake, akapanda juu ya kiti, akaiteremsha ile picha kubwa ya harusi iliyoning'inia juu ya kitanda, akaifunga kwenye gazeti, akaja nayo kwa Bi Fumua.

Aliingia bila kuketi. Aliuegemeza mzigo ule kwenye mguu wa meza, akasema mdogo wako huyo, mtunze wewe. Alisimulia aliyoyasikia hospitali. Alisema mwanawe amemuuliza njiani kama baba alikuwa mjinga. Alisema amechoka kulala chini ya macho ya mtu ambaye hakutaka kubaki nao.

"Nimejaribu kumsamehe, siwezi," alisema. "Wewe peke yako ndiye uliyetupenda, wifi."

Bi Fumua alikuwa na kofia ya mtoto mchanga mkononi, nusu imefumwa. Aliiweka chini. Angeweza kunyamaza. Mtaa mzima ulikuwa upande wake, hospitali ilikuwa upande wake, na wa pekee aliyejua vinginevyo alikuwa chini ya udongo, tena kwa hiari yake. Alimtazama mwanamke yule mwembamba aliyekuwa akimchukia mumewe kwa uongo ambao si wake.

"Hakukataa yeye," alisema. "Nilikataa mimi. Niliogopa kupasuliwa, akaona, akanisitiri. Alisema hapana ili nisiseme mimi."

Kwa fundi viatu nyundo ilikuwa ikigonga, ikapumzika, ikagonga tena.

"Nilipokuomba uzungumze naye," wifi alisema polepole, "ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Wifi alichuchumaa penye mguu wa meza, akachana gazeti. Alimtazama mumewe kwenye picha kwa muda mrefu. Alipangusa kioo kwa mkono wa gauni, akapangusa tena mahali palipokwisha kutakata, kisha kilio kikamtoka, kile ambacho watu walikisubiri makaburini wakakikosa. Bi Fumua aliinuka amshike, kama alivyozoea kumshika miaka yote ile. Wifi akainua kiganja kumzuia. Alipopata nguvu alisimama, akaikumbatia picha kifuani, akatoka bila kuaga.

Bi Fumua alimwona dirishani akivuka ua, akiinama kupita chini ya nguo zilizoanikwa ili picha isigongwe.

Jumapili iliyofuata mteja mmoja alikuja kuchukua kofia yake, akaleta na habari. Alisema amemkuta mjane wa marehemu makaburini na watoto wote wawili, wamefyeka majani, wamekaa pale muda mrefu, mama anawasimulia kitu. Alishangaa kwamba shangazi yao hakuwepo. Bi Fumua alimfungia kofia yake kwenye karatasi, akamwambia kwamba yeye hawakumpitia kumchukua.